Usiku wa Kwanza Ulilala kwa Nani?

Makarani wa sensa walipopita mitaani mwaka 2022, swali lao la msingi lilikuwa moja: nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Kwa hesabu hiyo ya waliolala, Mkoa wa Dar es Salaam ulikutwa na watu 5,383,728. Mimi nimo. Katika sensa ya 2002 mkoa huu ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5, na humo simo, kwa sababu nilihesabiwa Makambako, wakati huo bado tukiwa Mkoa wa Iringa. Mwaka uliofuata nikapanda basi alfajiri, na jioni nikashuka Ubungo. Kwa maneno mengine, tangu nifike mji huu umejiongeza zaidi ya mara mbili, nami ni sehemu ya ongezeko hilo ambalo watu wa mipango miji hulitaja kwa sauti ya mgonjwa anayesoma vipimo vyake.

Ningeruhusiwa kuongeza swali moja kwenye dodoso, ningeuliza hivi: usiku wako wa kwanza Dar es Salaam ulilala kwa nani? Wapi, hainisumbui. Nataka kujua kwa nani. Wachache wangetaja gesti. Wanachuo wangetaja bweni. Waliozaliwa Amana na Mwananyamala wangecheka na kumwambia karani aendelee na swali linalofuata. Sisi wengine tungetaja mama mdogo, kaka, binamu wa mbali ambaye hata undugu wenyewe hatuwezi kuueleza vizuri, mtu wa kijiji cha jirani aliyesoma na dada yetu, mzee wa kanisa aliyetumiwa barua na mchungaji wa kwetu. Majina hayo yote yakiandikwa chini, ndipo tungeona mji huu ulijengwa na nani.

Hoja yangu leo ni kwamba mtu amekua mjini siku anapoweza kumpokea mwenzake, akajua gharama ya kumpokea, na akaitaja gharama hiyo bila aibu. Mengine tunayoyaita ukuaji ni mazoea tu.

Najua haya siyo mazungumzo ya kawaida. Tunapomsifu mtu aliyekomaa mjini, sifa ya kwanza ni ujanja. Hatapeliwi Kariakoo, hakubali bei ya kwanza, anajua daladala ipi itakatisha ruti na wapi pa kugeuza nayo ili apate kiti, simu haitoi dirishani gari likiwa kwenye foleni. Ujanja huo nauheshimu kwa kiasi chake. Mtu huujifunza kwa miezi michache, na mtoto wa miaka kumi wa Manzese anao kuliko mimi mpaka leo. Tena unamzoesha mtu kumtazama kila asiyemjua kama mwizi ambaye bado hajapata nafasi. Nimewaona watu waliokaa mjini miaka thelathini wakiwa na ujanja huo peke yake. Hawajawahi kuibiwa, na hawajawahi kugongewa mlango na mtu mwenye begi.

Sifa ya pili ni mali: kiwanja Chanika, gari, nyumba ya bati la rangi iliyosimama kijijini ikimsubiri mwenyewe Krismasi. Hiyo nayo siikatai. Ila hainielezi lolote kuhusu mtu mwenyewe.

Mimi nilipokewa na mama mdogo. Yeye na mumewe walikuwa wamepanga chumba na sebule Mabibo, si mbali na soko la Mahakama ya Ndizi, katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba huku na huku, na uani choo kimoja na bafu la wote. Sebule ndiyo iliyonihusu. Mchana ilikuwa na makochi, kabati la vyombo, televisheni iliyofunikwa kitambaa na jiko la mchina kwenye kona kwa siku za mvua. Usiku meza ilisogezwa, godoro la sponji likashushwa kutoka juu ya kabati, na hapo ndipo nilipolala. Mgeni wa sebuleni ana ratiba yake. Halali mpaka mtazamaji wa mwisho wa televisheni achoke, na anaamka kabla mwenye nyumba hajapita kwenda kazini, kwa sababu si heshima baba mdogo amruke binti wa watu akiwa kwenye shuka.

Kilichokuwa kinaendelea nyuma ya ratiba hiyo kilihitaji hesabu kukiona. Katika nyumba ile bili ya umeme iligawanywa kwa idadi ya vyumba, lakini maji, ambayo mara nyingi yalinunuliwa kwa ndoo, yaligawanywa kwa idadi ya vichwa. Nilipofika, kichwa kimoja kiliongezeka. Wapangaji wenzake walimwita mama mdogo uani, wakamuuliza mgeni anakaa mpaka lini, naye akajibu kwamba mgeni ni mwanawe na kichwa chake atakilipia. Zamu ya kusafisha choo ikaongezwa siku. Hakuniambia. Niliyajua mwenyewe miaka mingi baadaye, nami nikiwa mpangaji ninayemuuliza mwenzangu uani mgeni wake anakaa mpaka lini.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali nzuri, ila waliosema walikuwa na shamba nyuma ya nyumba. Makambako ukimpa mgeni jembe, jioni ileile matuta ya viazi yamepaliliwa na faida umeiona. Mabibo hakuna tuta. Mwenyeji wa mjini inambidi alitafute shamba kwanza, yaani amuulizie mgeni kazi, amsindikize, amdhamini, amnunulie viatu vya kwendea kwenye usaili, kisha ndipo ampe jembe. Mama mdogo hakuwa na mtu ofisini wa kumpigia simu. Alichokuwa nacho ni karai la maandazi. Aliamka saa kumi usiku akakaanga, nami saa kumi na mbili nikawa kwenye jengo lililokuwa likijengwa upande wa Sinza nikiwauzia vibarua. Mmoja wa wateja wale, msimamizi wa stoo, ndiye aliyeniuliza kama najua kuandika vizuri. Kazi yangu ya kwanza ya mezani ilianzia kwenye beseni la maandazi, na beseni halikuwa langu.

Kuna jambo jingine mwenyeji analolitoa ambalo halina bei. Ukitaka kufungua akaunti ya benki, kuomba kazi, au siku hizi kushughulikia namba ya NIDA, mara nyingi unahitaji barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Barua hiyo inaanzia kwa mjumbe, na mjumbe hakujui wewe. Anamjua mwenyeji wako. Swali lake la kwanza ni lile ninalolitaka kwenye dodoso: unakaa kwa nani? Bila jina la kujibu, wewe ni mzururaji mwenye vyeti.

Na neno mzururaji lina historia yake katika mji huu. Waingereza walikuwa na sheria za kuwaondoa mjini Waafrika waliowaona hawana shughuli. Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba watu wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa watu wa vijijini, hoja yenye ukweli ambao mpaka leo hatujaumaliza. Lakini kutoka kwenye onyo hilo tukafika mahali pengine kabisa. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu wasioweza kuonyesha wana kazi gani wakakamatwa mitaani na kusafirishwa mashambani. Wengi walirudi. Nani aliwafungulia mlango waliporudi? Wenye sebule walewale, ambao wakati huo nao walikuwa wakikaa kwa wasiwasi wa kuombwa kitambulisho.

Sitaki kuwa mchoyo wa haki. Yapo yaliyofanywa. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vyenye huduma Sinza na Kijitonyama, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000. Lakini kiwanja ni cha mtu aliyekwisha fika. Aliyeshuka kwenye basi jana hakihitaji kiwanja. Anahitaji mahali pa kulala mpaka apate mahali pa kulala, na katika miaka yangu yote mjini sijaona mpango wowote wa umma uliomfikiria huyo.

Kinachonikera zaidi ni hesabu ya kodi. Chukua kijana anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na chumba cha shilingi 50,000. Kwa mwezi anakimudu. Lakini mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, 300,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja, 50,000. Kabla ya godoro, ndoo na sufuria, kijana huyu awe na 350,000. Akijibana na kuweka 40,000 kila mwezi, zitatimia baada ya karibu miezi tisa. Miezi hiyo tisa anakula na kulala kwa mtu. Maana yake mama mdogo wa Mabibo, anayegawana maji kwa kichwa, ndiye anayemkopesha mwenye nyumba kodi ya nusu mwaka, bila riba na bila kujua kwamba amekopesha. Kodi ingelipwa mwezi kwa mwezi, mgeni angeondoka sebuleni mwezi wa tatu. Wenye nyumba watasema wapangaji hutoroka na madeni. Wapo wanaotoroka. Dhamana ya mwezi mmoja ingetosha kulishughulikia hilo, na ningependa siku moja nimsikie mbunge wa mkoa huu akilisemea hadi mwisho.

Kwetu Makambako, ambako sasa ni Mkoa wa Njombe, kulikuwa na sababu nyingine ya sebule za Dar kujaa, nayo watu wa nyumbani huitaja kwa kuzunguka. Utafiti wa Ukimwi wa 2011–12 uliikuta Njombe, wakati huo ikiwa mkoa mpya, na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure kuanzia 2004. Kabla ya hapo misiba ilifuatana kiasi kwamba kikao cha ukoo cha kuanua matanga kilikuwa na ajenda moja isiyobadilika, kugawana watoto. Huyu aende kwa shangazi Mafinga, huyu abaki na bibi, hawa wawili waende Dar. Wawili wa kwetu walikwenda kwa mama mdogo, wakanikuta pale. Sebule ikawa na magodoro mawili. Mama mdogo aliyekuwa akilipia kichwa kimoja sasa alitakiwa kulipia vitatu, na wapangaji wenzake, ambao nilikwisha waona watu wa maneno, walikutana uani wakaamua watoto wasihesabiwe kwenye maji. Uamuzi ule haukuandikwa popote. Hata hivyo, nikiulizwa mji ulinifundisha nini kuhusu watu nisio na undugu nao, hapo ndipo ninapoanzia.

Sasa naomba nisisomeke kama ninaisifu sebule kwa kila hali. Wapo waliopokewa ili watumike. Mikoa yetu ya nyanda za juu kusini inajulikana Dar kwa jambo ambalo si la kujivunia: ndiko wanakoagizwa wasichana wa kazi. Binti anaambiwa nyumbani anakwenda kwa dada kusoma ushonaji. Akifika, cherehani haionekani, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na akiuliza mshahara anajibiwa kwamba ndugu hawalipani. Neno undugu limetumika kufuta madeni mengi katika mji huu. Yeyote anayedhani mila zetu za kupokeana zinajitosheleza na hazihitaji kusemwa wazi, awaulize mabinti hao wakiwa peke yao.

Ndiyo maana nasema gharama itajwe. Kijijini kumweleza mgeni kwamba unga unaisha ni matusi. Unanyamaza, unakopa kwa jirani, anakula. Ukimya huo unafaa mahali ambapo wote tunajua shamba la kila mtu limetoa magunia mangapi. Mjini hakuna anayejua ghala la mwenzake. Mgeni anaona televisheni na kabati la vyombo, anapiga simu nyumbani kusema shangazi ana uwezo. Mwenyeji naye ananyamaza kwa heshima, kisha ukimya unageuka kununa, kununa kunageuka mafumbo, na mwisho ndugu wawili wanaachana kwa kugombania kijiko cha sukari. Nimeshuhudia koo zikigawanyika hivyo. Ugomvi haukuwa wa sukari, ila sukari ndiyo waliyoweza kuitaja.

Nilipohamia chumba na sebule yangu mwenyewe Tabata, wageni hawakuchelewa. Maombi ya fedha kutoka nyumbani nayo hayakuchelewa, na simu ziliyasaidia. Zamani fedha ya kutuma nyumbani ilipitia kwa kondakta wa basi ndani ya bahasha, na utaratibu huo ulikuwa na visingizio vyake vya heshima: basi limeharibika Kitonga, kondakta wetu yuko likizo. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 visingizio vikafa. Anayekuomba anajua kwamba ukitaka, fedha itafika kabla hajakata simu. Ukisema huna, maana yake hutaki. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kudanganya, na wachache tukajifunza kusema hapana kwa sauti ya kawaida, tukieleza ninacho kiasi hiki, hiki ni cha ada, hiki ni cha kodi, kilichobaki ndicho hicho. Ilinichukua miaka kulisema bila moyo kwenda mbio. Hakuna aliyenipongeza. Nyumbani lilipokewa kwa neno moja: amebadilika.

Shtaka la kubadilika nimelisikia likisomwa kwa watu wengi wa mjini, na karibu wote huwa wanajitetea kwamba hawajabadilika. Mimi sijitetei. Waliponisindikiza stendi Makambako na kuniombea, hawakuomba nibaki vilevile. Kilichowakwaza ni kwamba walitegemea mfuko ubadilike, ulimi ubaki. Haiwezekani. Mtu anayekaa na wapangaji sita wasio wa kabila lake, wanaogawana bomba na choo, asipojifunza kusema jambo wazi kabla halijaoza, atahama kila kodi inapoisha.

Kwa hiyo kwangu wageni hukaribishwa kwa utaratibu unaojulikana. Siku ya kwanza wanakula na kulala, hakuna maneno. Siku ya pili, tukinywa chai, namweleza mgeni kwamba sebule ni yake kwa miezi sita, na kwamba akipata kipato cha kwanza, hata cha kibarua, atachangia umeme na maji, kidogo kwa kadiri yake, lakini achangie. Namwonyesha LUKU inavyosoma. Akiwa binti, naongeza kwamba kazi za nyumba tunagawana, na nikimwachia zote ajue nimemwajiri na anidai mshahara. Mume wangu hilo la mwisho halimpi shida. La miezi sita ndilo huwa linamfanya atoke nje kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Kaka yangu mkubwa alipolisikia kwa mara ya kwanza, kwenye harusi moja Njombe mjini, alisema mbele ya wazee kwamba mdogo wake amekuwa Mzungu wa Tabata, anawapangishia ndugu zake makochi. Wazee walicheka. Nikamwambia kaka, waliopita pale ni wengi, na wote leo wana vyumba vyao na tunatembeleana. Akasema hilo silo suala. Hatukulimaliza.

Mwaka jana mwanawe alimaliza chuo cha ufundi, umeme wa majumbani, akaletwa kwangu. Mabasi ya mikoani yalishaondolewa Ubungo tangu 2021, kwa hiyo nilimpokea kituo kipya cha Mbezi, akiwa na kiroba cha viazi na maparachichi ambayo nusu yalikuwa yameivia njiani. Siku ya pili, tukinywa chai, nikaanza kumweleza utaratibu wa nyumba. Hakuniacha nifike mbali.

“Shangazi, baba alishanieleza yote tangu nyumbani,” alisema. “Mchango wa umeme, LUKU, kila kitu. Ila yeye kasema miezi minne inatosha, nisije nikazoea.”